Siku 12 na Mama: Bangkok, Luang Prabang na Siem Reap kwa safari ya kikundi

Safari pekee ya ndege aliyokuwa amewahi kwenda Mama ni ya Umra. Nilipomwambia achague pengine popote, akasema anataka kupaona huko unakotoka mchele wa Thailand tunaokula Unguja miaka yote. Nikatafuta safari ya kikundi, maana yeye ana miaka 61 na goti la kulia linamsumbua, nami sikutaka kuhangaika na vituo vya mabasi katika nchi tatu nisizojua lugha zake. Tulikuwa watu 14 kwa siku 12: Bangkok na Ayutthaya, kisha Luang Prabang nchini Laos, tukamalizia Siem Reap, Kambodia. Kampuni siitaji jina.

Nianze na lililoniudhi kabla hatujaondoka. Karatasi ya maandalizi waliyotutumia iliandikwa kwa ajili ya Wazungu. Ilitaja mafuta ya jua na dawa ya mbu, lakini haikusema lolote kuhusu kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Thailand inaitaka kwa mtu anayetokea Tanzania au Kenya. Ukitua Bangkok unapita kwanza dawati la afya, wanaikagua kadi, ndipo unaenda uhamiaji. Sisi tulikuwa nazo mkononi kwa kuwa binamu yangu alitutahadharisha. Ukitoka kwetu, usiitie kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege.

Sasa niwapeleke moja kwa moja penye utamu. Siku ya pili Bangkok, mwongoza watalii wetu, kijana mpole wa Kithai, alitupandisha mashua tukaingia kwenye mifereji ya upande wa Thonburi, ng'ambo ya mto Chao Phraya, hadi nyumba ya mbao ya mama mmoja anayefundisha mapishi. Tulipoingia jikoni Mama akasimama ghafla akanishika mkono. "Mbuzi ile pale!" Kweli, pembeni palikuwa na kibao cha kukunia nazi, kigoda cha kukalia na ulimi wa chuma wenye meno, kama kilichoko kwetu uani. Kijana akatuambia Wathai wanakiita kratai, yaani sungura. Nilipomweleza kwamba Waswahili tunakiita mbuzi, alimtafsiria mwenye nyumba, na yule mama akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya aproni.

Mama hakungoja kualikwa. Akavua viatu, akakaa, akakuna nazi mbili huku wenzetu wakipiga picha. Kisha likatolewa chuma la vitumbua. Wao wanaviita khanom krok: uji wa mchele na tui, unamiminwa kwenye vishimo vya chuma cha moto. Lakini hawavigeuzi. Yule mama alimimina uji, akauacha ushike pembeni, akatia katikati kijiko cha tui zito lenye sukari na chumvi, akanyunyiza majani ya kitunguu yaliyokatwa, akafunika. Mama alikuwa ameshachukua kijiti ageuze, akazuiwa kwa upole. Vikaiva upande mmoja tu, chini vikauke, juu vibaki laini kama maziwa mgando, kisha viwili vikaokolewa kwa kijiko na kufunikizwa uso kwa uso. Mama alikula vinne bila kusema neno, akaniambia, "Mwanangu, hii chumvi ndiyo tuliyoikosa."

Ratiba ilitupa saa moja na nusu pale. Yule kijana aliona hali, akapiga simu, akaifuta ziara ya alasiri ya soko moja, tukakaa saa tatu. Kwa uamuzi ule namshukuru mpaka leo.

Kwenye mahekalu tulikwenda kwa heshima na kwa udadisi. Sisi ni Waislamu, hatukwenda kuabudu, na hakuna aliyetushurutisha kufanya lolote. Hekalu la Wat Pho, Bangkok, lilinishika zaidi kuliko Kasri Kuu la wafalme na umati wake. Sanamu la Buddha aliyelala lina urefu wa mita 46, unatembea kandokando yake na bado hujafika miguuni, na nyayo zake zimepambwa kwa lulumizi michoro 108. Nyuma yake kuna bakuli 108 za shaba zilizopangwa ukutani, watu wanatia sarafu moja moja, na mlio wake unakufuata ukumbi mzima kama mvua ya kwanza kwenye bati. Ayutthaya, mji mkuu wa zamani ulioanzishwa 1350 na kubomolewa na jeshi la Burma mwaka 1767, tuliona kichwa cha Buddha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti. Ukitaka kupiga picha nacho lazima uchutame, kichwa chako kisiwe juu ya chake. Hapo hapo Ayutthaya Waislamu wa mji wanauza roti sai mai, chapati laini nyembamba yenye nyuzi za sukari ndani. Tulinunua pakiti tatu na hazikufika hotelini.

Chukueni kanga, nyingi. Mabega na magoti lazima yafunikwe, na Angkor Wat, lile hekalu kubwa la kale karibu na Siem Reap, ukitaka kupanda mnara wa juu bila kujifunika, mlinzi anakurudisha bila mjadala. Binti mmoja Mwingereza wa kundi letu alizuiwa kwa blauzi isiyo na mikono. Mama akafungua mkoba, akamfunika kanga, naye akapanda na "Usisafirie nyota ya mwenzio" mgongoni. Ngazi za kule juu zina mwinuko mkali, Mama alibaki chini kivulini. Karatasi ya maandalizi ingetaja ngazi zile ningempangia siku ile vingine.

Chakula ndipo kampuni ilipotuangusha. Nilijaza kwenye fomu kwamba tunakula halali, na Bangkok ilizingatiwa. Luang Prabang habari haikuwafikia. Jioni mbili meza nzima ilikuwa nguruwe, sisi tukala wali wa kunata na mayai. Nililalamika kwa maandishi usiku ule. Siem Reap mambo yakabadilika: mwongozaji wa Kikambodia alitupeleka mtaa wa Waislamu wa Kicham, jirani na msikiti, tukala amok ya samaki, iliyopikwa kwa tui na mchaichai ndani ya jani la mgomba. Hiyo Mama angeweza kuipika kwetu kesho yake.

Laos haikuwa ya chakula, ilikuwa ya alfajiri. Watawa wa Kibuddha wa Luang Prabang wanapita barabarani kimya, peku, na watu wanawatilia wali wa kunata kwenye mabakuli. Mwongozaji alitusimamisha ng'ambo ya barabara, akatukataza mwanga wa kamera na kusema kwa sauti, na akatuambia mwanamke hamgusi mtawa. Dakika chache baadaye basi dogo la kundi jingine likafika, kamera zikawa zinamulika usoni mwa watoto wa miaka kumi na kitu waliovaa majoho ya machungwa. Niliona aibu kana kwamba ni mimi. Mkienda, ulizeni kwanza kampuni yenu inasimama wapi asubuhi ile.

Angkor, eneo zima la mahekalu ya kale, nilitaka siku tatu kamili, kwani tiketi ya siku tatu ni dola 62 na ilikuwa ndani ya bei. Tulipata moja na nusu, kwa sababu alasiri nzima ilipotea kwenye duka la vito ambalo hakuna aliyeliomba. Hilo sijawasamehe. Angalau hekalu la Bayon hatukulikosa. Kila mtu anatazama nyuso kubwa za mawe. Mama alitazama kuta za chini, zilizochongwa enzi za mfalme Jayavarman wa Saba, akamwona mwanamke amekaa akiuza samaki, wapishi na vyungu vyao, watu wanapiganisha majogoo, mama anajifungua. Alisimama hapo nusu saa, goti na yote.

Ningeenda nao tena? Ndiyo, kwa sababu ya waongozaji wale watatu, na kwa sharti la maandishi kwamba hakuna duka la vito na halali inafika kila mji. Mahekalu kumi na moja kwa siku nane ni mengi, ningeomba sita.

Jumamosi iliyopita Mama alitia chumvi kidogo kwenye tui na majani ya kitunguu juu ya nusu ya vitumbua vyake. Vikaisha kabla ya saa mbili asubuhi, na jirani akaja kugonga mlango kuuliza kama vimebaki.