Intaneti kupitia soketi ya ukutani: uzoefu wangu na adapta za bei nafuu, Isamilo, Mwanza

Mwenye haraka achukue hili: nunua pea ya mtumba ya adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme, daraja la AV600 (600 ni kasi iliyoandikwa kwenye boksi), usiongeze hela kwa sababu ya namba kubwa kwenye boksi, na hakikisha vyumba vyote viwili vinakula mita moja ya LUKU. Mwenye muda tuendelee.

Nimepanga Isamilo, nyumba ya uani. Faiba imefika nyumba ya mbele kwa mama mwenye nyumba, na tunachangia kifurushi cha Mbps 20. Anayeijua Isamilo anajua viwanja vya huku: jiwe limekaa katikati, halisogezwi na mtu, kwa hiyo nyumba ndiyo inayolizunguka. Kati ya ruta na chumba changu kuna jiwe la aina hiyo na kuta za tofali. Waifai inaishia uani. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na kicheni pati, na faili moja la mteja linaweza kunikalisha usiku kucha kwa bando la simu.

Nikiri kwamba kuvuta waya wa mtandao kungekuwa bora na rahisi zaidi kwa bei. Waya wa Cat6 unafika hadi mita 100 bila shida, na hausumbuliwi na friji ya mtu. Lakini mama hakutaka ukuta wake utobolewe, na njia iliyobaki ilikuwa kuupitisha juu ya bati. Kwa radi za ziwani hizi, sikuipenda hiyo njia.

Adapta zenyewe huja mbili mbili. Moja unaichomeka karibu na ruta na kuiunganisha nayo kwa waya mfupi. Ya pili unaichomeka chumbani, kisha unatoa waya kwenda kwenye kompyuta. Data inasafiri juu ya nyaya zile zile za umeme, kwa masafa ya megahezi nyingi, wakati umeme wetu ni wa hezi 50 tu. Ndiyo maana haviingiliani.

Nilizunguka madukani, kuanzia Makoroboi mpaka kwenye maduka ya kompyuta ya mjini. Kijana mmoja alinikazania sana: "Dada, hii ni 1200, hiyo 600 imepitwa na wakati." Nikamwuliza tundu la waya kwenye hiyo 600 ni la kasi gani. Akageuza, akasoma: 100. Hapo ndipo penye siri ya bidhaa hizi. Namba ya kwenye boksi ni jumla ya kinadharia ya kasi ndani ya nyaya za umeme, kwenda na kurudi kwa pamoja. Adapta nyingi za 600 zina tundu la Mbps 100, kwa hiyo hata nyaya zako zikiwa za dhahabu hutapata zaidi ya hapo. Sasa mimi mwenye kifurushi cha 20, hiyo 100 inanipungukia nini?

Za 1200 zina sifa moja ya kweli: tundu la gigabiti (Mbps 1000), na uwezo wa kutumia waya wa tatu, ule wa ethi, kama njia ya ziada ya data. Lakini fundi umeme alipofungua soketi zetu, kadhaa hazikuwa na ethi kabisa. Nyumba za zamani za mji huu zina mengi ya namna hiyo. Ningelipa 160,000 kwa njia ambayo nyumbani kwetu haipo. Nikachukua pea ya mtumba kwa 55,000.

Kwenye mtumba angalia plagi kwanza. Zilizotoka Uingereza zina pini tatu bapa kama soketi zetu. Zilizotoka Ujerumani ni pini mbili za duara, na kibadilishi kinachochezacheza kitakuudhi kila siku. Angalia pia zote mbili ziwe za kiwango kimoja cha mawasiliano, kwa sababu HomePlug AV (ndiyo AV ya AV600) na G.hn hazielewani hata kidogo, na nyingi za 2400 ni G.hn. Ukifika nyumbani zirudishe kwenye hali ya kiwandani, kisha ubonyeze kitufe cha kuoanisha kwenye moja, halafu kwenye nyingine kabla ya dakika mbili kupita. Usiruke hatua hii. Ndiyo inayoweka ufunguo mpya wa siri wa biti 128, na mawimbi haya yanaweza kupenya hadi kwa jirani.

Matokeo: nikichomeka moja kwa moja ukutani, kasi inafika ile ile ya kifurushi. Kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme inaanguka vibaya, kwa sababu vichujio vyake vinameza mawimbi. Pampu ya maji ya mama ikiwaka nabaki na kama 8, na chaja moja ya simu ya bei ya kutupa ilikuwa inanivuruga kuliko pampu. Niliihamishia jikoni, mambo yakatulia. Kutuma na kupokea vinapokezana njia moja, kwa hiyo nikipandisha video sitegemei kupiga simu ya picha kwa utulivu.

Aliyepata hasara ni baba mwenye nyumba. Redio yake ya masafa mafupi imeanza kukwaruza, maana adapta zinatumia masafa yale yale. Tumekubaliana: akikaa barazani na redio, mimi nachomoa.

Umeme ukikatika, habari imekwisha. Unaweza kuiwekea ruta betri yake, lakini adapta zenyewe zinakula umeme wa soketi, na ukizichomeka kwenye UPS (betri ya akiba ya kompyuta) zinakumbana na vichujio vile vile. Usiku wa namna hiyo narudi kwenye bando.

Mpangaji wa chumba cha pembeni ameniomba tuongeze adapta ya tatu, achangie. Inawezekana, ikiwa ya kiwango kile kile. Kikwazo ni kwamba yeye ana mita yake ya LUKU, aliyoifunga baada ya ugomvi wa nani anapika kwa umeme, na mawimbi yakivuka mita mbili za LUKU huwa dhaifu au yanapotea kabisa. Nimemwambia nitamwazima ya kwangu ajaribu kwanza kabla hajatoa hela.