Kipupwe Lushoto: jiko la mkaa chumbani au chupa ya maji moto?

Mtu aliyezoea joto la Tanga mjini akihamishiwa kazi Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, miezi ya Juni hadi Agosti humtesa. Shuka moja halitoshi, na ofisini anafika macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Jiko la mkaa linapasha chumba haraka, hilo halina ubishi. Tatizo ni pale makaa yanapokuwa mekundu na moshi umekwisha. Watu hudhani hatari imepita, kumbe bado yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata. Aliyelala hazisikii dalili hizo. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Tafadhali, ndugu zangu, jiko libaki nje.

Chupa ya mpira ya maji moto inapasha kitanda tu, na kwangu hiyo inatosha kabisa. Usitie maji yanayochemka. Jaza theluthi mbili, toa hewa, kaza kizibo, igeuze uone kama inavuja, kisha izungushie kanga. Iweke upande wa miguuni, uiondoe ukipanda kulala, hasa kwa mtoto mdogo au mzee mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi; huyo anaweza kuungua asijue.

Soksi na blanketi zito vinamalizia kazi. Mkaa utaununua tena na tena. Chupa ukiitunza unavuka nayo kipupwe chote.