Jeni huru na jeni zilizofungamana

Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa sifa, alichanganya njegere zinazotofautiana rangi na umbo la mbegu. Kizazi cha pili kilimpa mbegu 556: 315 za njano mviringo, 108 za kijani mviringo, 101 za njano zenye mikunjo, 32 za kijani zenye mikunjo. Karibu 9:3:3:1, kila sifa ilijiendea kivyake: jeni (vitu vinavyorithisha sifa) zake ni huru.

Kwa inzi wa matunda wa Morgan, mwanabiolojia wa New York, jeni ya rangi ya mwili na ya mabawa zimo kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) moja, basi husafiri pamoja kama abiria wa daladala moja. Jike chotara (mwenye jeni za aina mbili kwa kila sifa) akipandwa na dume mweusi mwenye vibawa vidogo, watoto wenye mchanganyiko mpya wa sifa hizo ni asilimia 17 hivi, kwa kuwa kromosomu hubadilishana vipande mara kwa mara. Jeni zingekuwa huru, wangefika 50. (Ukimtumia dume chotara hupati hata mmoja!) Mimi hiyo 17 hunivutia zaidi: jeni zikiwa mbali zaidi huachana mara nyingi zaidi, na kwa asilimia za namna hiyo Sturtevant, mwanafunzi wa Morgan, alichora ramani ya kwanza ya jeni, 1913.