Ghetto Classics ya Korogocho: nimewaona mara tatu, haya ndiyo nimepata

Wazazi kadhaa wameniuliza kuhusu Ghetto Classics, ile programu inayofundisha watoto wa mtaa wa Korogocho hapa Nairobi kupiga ala za okestra, tangu niweke video yao mtandaoni, kwa hivyo wacha niandike mara moja nisiwe nikirudia. Nimewaona mara tatu, mara mbili kwenye konsati mjini, na ya tatu nikajipeleka mwenyewe Korogocho Jumapili kwenye mazoezi, pale kanisa Katoliki la St. John's. Hiyo ya tatu ndiyo ilinifanya nielewe zile mbili za kwanza.

Binti yangu ana miaka 11 na anasoma vayolini. Mwaka mmoja na nusu nimelipia masomo kwa mwalimu fulani huku mitaa ya kishua, shilingi 1,500 kwa saa, mwezi una wiki nne yeye anatokea mbili, na vayolini yenyewe niliuziwa na duka moja la mjini ikiwa vigingi vyake havishiki, unakaza nyuzi asubuhi ikifika jioni zimelegea zote. Mtoto akaanza kuichukia. Sisemi kuchoka, nasema kuichukia, akiona lile kasha limetolewa anaenda chumbani anafunga mlango. Na mimi nikawa nafikiri shida ni yeye.

Basi rafiki yangu akanipa tiketi mbili za konsati ya Ghetto Classics. Nilienda nikidhani ni vitu vya hisani, wale watoto unawapigia makofi juu ya huruma. Wallahi haikuwa hivyo. Walianza na kipande cha Ulaya, kikaenda vizuri tu, halafu wakaingia wimbo wa hapa nyumbani, na zile nota za gitaa la benga, ule muziki wetu wa dansi, zile zinazokimbizana, zikachezwa na vayolini kwa kudonoa nyuzi na vidole, chelo zimeshika besi chini, tarumbeta zikaingia mwishoni, yaani ukumbi mzima ulisimama na hakuna mtu alikuwa ameambiwa asimame. Binti yangu alinishika mkono akasema Mum, kumbe inaweza kufanya hivyo. Hiyo vayolini anayo nyumbani mwaka mmoja na nusu na hakuwahi kujua inaweza kufanya hivyo.

Nikaanza kuulizia na kusoma. Muziki wa aina hii Nairobi si wa jana, shule ya muziki ya Conservatoire ipo tangu 1944 na Nairobi Orchestra ilianza 1947, lakini hiyo ilikuwa enzi ya mkoloni na mambo yalibaki upande ule wa kishua wa mji miaka mingi sana hata baada ya uhuru. Chelo ni bei ya pikipiki, nani wa Eastlands, huku mitaa ya watu wa kawaida, angeinunua? Ghetto Classics ilianza 2008. Elizabeth Njoroge, mama anayependa huu muziki kwa moyo wake wote, alikutana na Padre John Webootsa wa pale St. John's, padre akamwomba awafanyie kitu watoto wa parokia, na wakaanza na watoto wachache tu kwenye kiwanja cha kanisa. Mwaka uliofuata Elizabeth akaanzisha Art of Music Foundation ambayo ndiyo inaendesha programu mpaka leo, na mkono wao umo pia kwenye National Youth Orchestra of Kenya.

Kama hujawahi kufika Korogocho, jina lenyewe sikioni linakaribia makorokocho, na jirani yake ni lile jalala la Dandora ambalo limekuwa likimwagiwa taka za jiji zima tangu miaka ya 1970. Moshi wake unaingia hadi darasani. Nilikuwa nimesimama pale nafikiria mtoto anayepiga klarineti au saksafoni, kazi yake yote ni pumzi, na pumzi yenyewe ndiyo hiyo. Na wanapiga! Sitaki kusikia mtu akisema watoto wetu hawana nidhamu.

Pesa zilikuja kwa nguvu baada ya lile tamasha la jazi la kampuni ya simu ya Safaricom kuanza 2014, mapato ya tiketi yakawa yanaenda kwa hawa watoto. Marehemu Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, alikuwa mpenzi wa jazi kabisa, na hilo tamasha lilikuwa kitu cha moyo wake. Wanamuziki wakubwa wa dunia walikuja Nairobi, na kiingilio ulicholipa kuwaona kikanunua nyuzi na nota za mtoto wa Korogocho. 2015 Papa Francis alipokuja Kenya walimpigia muziki. Leo wanafunzi ni mamia na mamia, na Mombasa pia wamefika.

Lakini hayo yote unaweza kuyasoma popote. Kitu hutasoma ni venye wanafundisha, na hiyo ndiyo hasa nilitaka kuwaambia.

Ile Jumapili nilikuta vikundi vidogo vidogo kila kona, wengine ndani wengine nje chini ya ukuta, kelele ya kila sauti kwa pamoja. Na wanaofundisha wengi ni vijana waliofundishwa hapo hapo. Kijana wa miaka kama 19 ana watoto watatu, haketi, anazunguka, huyu anamwinua kiwiko, huyu anamlegeza vidole kwenye upinde, na yule mkubwa kati ya hao watatu tayari anamrekebisha mdogo kabla mwalimu hajafika. Mtu aliyejifunza mwaka juzi anakumbuka bado penye iliuma, kwa hivyo anajua pa kushika. Mwalimu wangu wa 1,500 alikuwa anasema tu "relaksi, relaksi" kutoka kwenye kiti.

Binti yangu alikuwa amebeba yake. Yule kijana akaiomba, akajaribu kukaza, kigingi kikarudi nyuma, akacheka kidogo, akatoa kipande cha chaki mfukoni, akavuta kigingi nje, akakisugua chaki pande zote, akakirudisha akisukuma kwa ndani huku anazungusha. Kikashika. Akafanya vyote vinne, haikuchukua dakika kumi. "Mama, kikiteleza ni chaki, kikikwama ni sabuni." Hiyo tu. Mwaka mmoja na nusu na hakuna mtu mzima hata mmoja niliyemlipa alikuwa ameniambia hiyo. Nilienda nyuma ya kanisa nikalia kidogo, manake niliona siku zote ambazo mtoto wangu aliambiwa hana sikio na kumbe ni nyuzi zilikuwa zinalegea akiwa katikati ya kupiga.

Kuna jambo moja liliniudhi kwenye konsati ya pili, na si kosa la watoto wala la programu, ni la waandalizi wa ile hafla. Kila wimbo ukitaka kuanza mshereheshaji anatukumbusha jalala, anatukumbusha umaskini. Mara tano! Mtoto amekaa mbele ya watu mia tatu na chelo yake, amefanya mazoezi miezi, mtaje kwa chelo. Wakati wa hotuba za wageni nao, watoto walikaa jukwaani karibu saa nzima, nyuzi zikapoa, ikabidi waanze kuzirekebisha upya.

Na kwa wale mnaouliza kama mnaweza kuandikisha watoto wenu: mimi sikumwandikisha. Hizo nafasi ni za watoto wa pale na sikuona haki mtoto wangu mwenye vayolini yake achukue moja. Nilichofanya ni kutafuta mwalimu kijana aliyekulia kwenye hiyo programu, sasa anakuja kwetu kila Jumatano saa kumi na moja, hajakosa hata moja, namlipa zile zile 1,500 na kasha siku hizi linafunguliwa kabla hajabisha mlango.

Nyota tano bila kusita. Ukienda kuwaona Jumapili usiende mikono mitupu, na si lazima kitu kikubwa. Beba uzi wa E wa vayolini, ule mwembamba kabisa, pakiti mbili tatu za saizi ya watoto, manake huo ndio hukatika kila wakati.