Ubuyu wa Kopo: Kifuniko cha Dhahabu, Kokwa Uchi

Mji wenye soko linaloitwa Mbuyuni ungetarajiwa kuuheshimu ubuyu. Lakini huu unaopangwa siku hizi kwenye kaunta za maduka ya Moshi mjini umevalishwa kama bwana harusi: kopo gumu, kifuniko cha dhahabu, picha ya mbuyu jua likizama, na maneno "ladha ya asili". Kwa yeyote aliyepita shule ya msingi, ladha ya asili ya ubuyu ni ukali unaokunja uso, pilipili inayochelewa kufika, na ulimi mwekundu unaokuchongea kwa mwalimu wa zamu. Kopo hili halimchongei mtu. Ukimaliza lote, ulimi ni wa waridi tu, kama uliyetafuna bigijii.

Kosa kubwa ni unga. Kokwa hunyonywa ikatemwa, kwa hiyo unacholipia ni ule unga ulioishika. Humu punje nyingi zinang'aa nyeusi chini ya shira, zimenyolewa. Unga siku hizi una soko lake: juisi, uji, hata Ulaya, tangu Umoja wa Ulaya uliporuhusu uuzwe kama chakula mwaka 2008. Ukishapepetwa ukauzwa kando, zinabaki kokwa, na kokwa uchi huvishwa sukari nene ili aibu isionekane.

Kipimo cha nyumbani hakina maajabu. Ubuyu nusu kilo, sukari robo, maji kikombe kimoja, pilipili ya unga nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, iliki, na rangi nyekundu isiyoona haya. Kwanza unachekecha, unga uliopukutika unauweka pembeni. Unachemsha sukari, maji na rangi mpaka shira ivute uzi kati ya vidole, unapunguza moto, unamimina ubuyu na kugeuza haraka. Ukishaepua ndipo unarudisha ule unga na pilipili, halafu unautandaza kwenye sinia upoe. Kuurudisha unga mwishoni ndiyo siri yote: unanyonya unyevu wa shira na kuzitenganisha punje. Ukiutia mapema unayeyuka, unapata uji mwekundu.

Watengenezaji wa kopo hili wameruka hatua hiyo, na shira yao imeepuliwa mbichi. Ndiyo maana ukilitikisa halichezi. Linatoa kishindo kimoja, kama jiwe kwenye ndoo. Arusha hali ni mbaya zaidi Juni na Julai, manyunyu na baridi vikikutana: sukari inavuta unyevu kila kifuniko kinapofunguliwa. Tena Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, basi atakayepika kwa kuhesabu dakika za mpishi wa pwani atajidanganya. Afuate uzi, asifuate saa.

Kuhusu ladha: sukari inatangulia, inafuata vanila (vanila! ubuyu si keki ya kipaimara), chumvi haipo, pilipili imeandikwa kwenye lebo na imebaki hukohuko. Lipo pia toleo la chokoleti. Tuliache lipumzike. Pengine si ajabu neno lenyewe sasa linafanya kazi zaidi kwenye umbea. Huko angalau ubuyu bado una pilipili.

Kopo nyota nne, kilichomo mbili. Kama umeshanunua, usitupe. Umwage kwenye sinia, uvunjevunje mabonge, nyunyizia vijiko vitatu vya unga wa ubuyu uliochanganywa na pilipili na chumvi, pepeta kama mchele, uache wazi mahali pakavu hadi jioni. Kopo lioshe uwekee iliki. Kifuniko chake kinabana vizuri sana.