Difu ya gololi kwa kigari cha rimoti cha 1/28, miezi minne nayo hapa Mombasa

Mie naandika hii kwa wale wenye vigari vidogo vya skeli ya 1/28, vile vinavyokaa kwenye kiganja, maanake nimesumbuka wiki tatu nzima na kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya jioni moja tu.

Kigari changu kilikuja na difu ya giya za plastiki, difu ni kile kifaa kati ya tairi mbili za nyuma kinachoziacha zizunguke kwa kasi tofauti kwenye kona. Haikuwa mbaya ila kwenye kona ilikuwa yarukaruka, nikaamua kuagiza difu ya gololi kivyake, 2,600 pamoja na kuletewa hadi Tudor. Nikaifunga mwenyewe na siku za kwanza wallahi nilifurahi, mimi na mpwa wangu tunacheza sebuleni kwa tailizi, tunapanga ndara ndio kona zetu, na kigari kikawa kinapinda laini utadhani kiko kwenye reli.

Wiki ya pili kikaanza. Navuta rimoti, mota inalia wiiiii, kigari kinajikokota kama kimebeba gunia. Nikabadilisha betri zote nne, wapi. Nikampelekea fundi mmoja wa simu mjini akasema mota imekufa, nikanunua mota mia tisa, nikaifunga, mambo yale yale. Iliuma sana hiyo mia tisa maanake ile mota ya kwanza iko sawa mpaka leo.

Kilichonifungua macho ni sauti. Mota ikichoka hailii kwa kasi namna ile, hii ilikuwa inazunguka vizuri kabisa ila nguvu haifiki kwa tairi. Basi nikashika tairi zote mbili za nyuma zisiende, nikaisukuma ile giya kubwa inayozungushwa na mota kwa kidole gumba, ikateleza yenyewe bila taabu. Hapo nikajua ni difu. Hicho kipimo kifanyeni kwanza kabla hamjatoa hata shilingi, giya inatakiwa igome.

Sasa difu ya gololi inavyofanya kazi ni hivi, gololi ndogo ndogo zinakaa kwenye matundu ya giya kubwa, zinabanwa na washa mbili, yaani vile visahani vya chuma vyenye tundu katikati, huku na huku, skrubu na nati na springi ndio zinakaza. Hakuna meno hapo ndani, ni kubanana tu ndiko kunakopeleka nguvu. Kwa hivyo ukiweka grisi ya kuteleza umeua kazi. Na mimi ndio nilichofanya, niliweka grisi ya baiskeli, kwa sababu difu ilikuja kavu bila karatasi ya maelezo, nilipomuuliza aliyeniuzia akanijibu weka grisi yoyote. Hilo jibu lilinikera na bado linanikera, mtu auza kitu cha bei hiyo lazima ajue.

Nikaifungua yote, nikaosha kila kitu kwa spiriti ya kemisti. Washa zilikuwa zishachimbika mfereji pale gololi zinapopita, nikazigeuza upande wa pili, nikazisugua kwa msasa namba 600 juu ya kioo ili zitoke tambarare. Grisi inayotakiwa ni ya silikoni, ya difu za gololi, rafiki aliniletea kichupa kutoka Nairobi, na unapaka kidogo sana, gololi zing'ae tu. Ila kuna kiberingi kidogo kinachokaa upande wa skrubu ya kukazia, hicho chenyewe kinataka grisi ya kawaida, kile hakibani, kinatakiwa kizunguke huru, msichanganye hizo mbili.

Kukaza ndio penye kazi. Kaza robo mzunguko, pima, kaza tena. Mimi mara ya kwanza nilikaza kwa hasira ya wiki tatu na kigari kikaanza kugoma kupinda, kwenye kona kinanyooka moja kwa moja hadi kwa miguu ya meza. Sababu ni hii, nimepima tairi zangu za nyuma zimeachana sentimita 6, kigari kikizunguka duara moja kamili tairi ya nje inatembea karibu sentimita 38 zaidi ya ya ndani, sasa ukizifunga pamoja lazima moja iburutwe. Ikiwa sawa, ukiishika giya kubwa na kuzungusha tairi moja mbele, nyingine inarudi nyuma polepole, laini, bila kukwaruza.

Tangu hapo raha mustarehe. Shida moja imebaki na hii ni ya sisi wa pwani, chumvi ya hewa. Mwezi wa tatu niliifungua nikakuta gololi mbili zina vidoa vya kutu, na kidoa kidogo tu unakisikia kwa vidole ukizungusha. Saa hii kigari nakiweka kwenye mkebe wa plastiki wa kufunga na ile mifuko midogo ya kukausha inayokuja na viatu, na kila mwezi nafungua nasafisha.

Kama unachezea uani kwenye vumbi na mchanga, baki na giya zako za plastiki, mchanga utazila hizi gololi na washa upesi. Kwa sakafu safi, nunua, wala usifikirie mara mbili. Naipa nyota nne, moja nimeikata kwa kuja bila grisi. Gololi za seramiki nishaagiza kwa sababu hizo hazishiki kutu, zikifika nitawaambia.