Fundi wa Majengo anayeshona kwa mwili ulio nao

Kama una nyonga pana na umechoka kuambiwa "ukipungua kidogo itakaa vizuri", nenda kwa mama mmoja kwenye vibanda vya mafundi karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma mjini. Ufundi nampa nyota tano. Muda, tatu.

Anakupeleka nyuma ya pazia, anakupima kimya kimya na kuandika mwenyewe kwenye daftari. Mimi nimekulia kwa mafundi wanaopaza sauti, "Nyonga hamsini!", msaidizi aandike, na wateja wote kwenye benchi wageuke. Kwa sababu hiyo nilivaa madera meusi na makoti kwa miaka mingi, na kwenye picha za harusi nilijificha nyuma ya wenzangu.

Anapima hata chini ya kifua, tumbo, na mkono wa juu. Kisha anakukalisha kwenye kiti na kupima nyonga upya, maana ukikaa mapaja yanatanuka, na sisi wa ofisi za serikali kule Mtumba tunakaa kutwa. Nilimuuliza mbona nguo za dukani hunibana nyonga na kunipwaya kiuno. Akanieleza kwamba kiwanda huanza na mchoro mmoja, halafu hukuza na kupunguza vipimo vyote kwa pamoja. Mwenye kiuno chembamba na nyonga kubwa hakufikiriwa. Namba zenyewe hazikubaliani: gauni namba 14 la Uingereza ni kama namba 10 ya Marekani. Na mimi miaka yote nimeisoma ile namba ya shingoni kama matokeo ya mtihani niliofeli.

"Mwanangu, gauni lile hawakukupimia wewe," alisema huku akikata mchoro wangu kwenye magazeti ya zamani.

Kitenge cha pamba anakutaka ukiloweke na kukianika kabla ya kumletea, kwa kuwa hurudi kikilowa. Ndani ya mishono ya ubavuni anaacha akiba ya kitambaa. Nilipojifungua nilimrudishia gauni, akaachia mishono, akambeba mtoto, na kuhusu tumbo langu hakusema lolote. Jambo hilo nalithamini kuliko mshono wenyewe.

Siku ya kujaribu, anakusimamisha mbele ya kioo kirefu: tembea, inua mikono, kaa. Hakusifii ovyo. Anauliza unajisikiaje mabegani, anatia alama ya chaki, basi. Hapo ndipo nilipojitazama kuanzia juu hadi chini bila haraka ya kuvua.

Kushona gauni lenye bitana nililipa shilingi 40,000, kitambaa changu. Ubaya wake ni misimu ya send-off na Desemba. Ahadi ya Ijumaa inaweza kuwa Jumatano inayofuata, kwa hiyo usimpelekee kazi ya dharura. Pazia nalo ni jembamba.

Gauni la kijani, mikono mifupi, nililivaa kazini. Dada mmoja akaniambia, "Umenenepa." Nikamjibu, "Ndiyo, na gauni limenikaa." Tukaendelea na kazi.

Nenda asubuhi siku za kazi, Jumamosi benchi linajaa. Vaa viatu utakavyovalia hilo gauni, maana pindo hakati mpaka avione.